Alichoniambia Ndani ya Mabano

Kosa lenyewe nalitaja mwanzoni, lisije likafichika nyuma ya maelezo. Mwaka 2020, nikiwa mtu mzima mwenye shahada ya ualimu, nilimdhalilisha msichana wa kidato cha pili mbele ya wenzake katika shule ya kuigiza tuliyokuwa tukiiendesha mtandaoni. Akaniomba niache, tena kwa njia ileile ambayo sote tulikuwa tumekubaliana kwamba ndiyo ya kuusimamisha mchezo. Sikuusimamisha. Nilimjibu kwa sauti ya mwalimu niliyekuwa namwigiza, nikaendelea.

Wengi hawajapata kuiona shule ya namna hii, kwa hiyo nitaieleza. Ilikuwa kwenye Discord, programu iliyoanza mwaka 2015 kwa ajili ya wacheza gemu, kisha vijana wakaifanya kijiwe cha kila jambo. Ndani yake unaweza kugawa vyumba vya mazungumzo na kuvipa majina. Sisi tulikuwa na uwanja wa mstarini, madarasa, bwalo, mabweni mawili, ofisi ya walimu, na kichaka cha nyuma ya vyoo ambako watoro walikutana. Hakukuwa na picha wala sauti, kila kitu kiliandikwa. Ukitaka kusema, unaandika maneno ya mhusika wako. Ukitaka kutenda, unaandika tendo katikati ya nyota: *anachungulia dirishani*, *anaficha andazi chini ya dawati*. Maandishi hayali bando, ndiyo maana watoto wengi waliweza kuwapo.

Walijaa pale shule za kweli zilipofungwa. Kenya ilitangaza kufunga shule tarehe 15 Machi 2020, Tanzania ikafuata siku mbili baadaye. Katika muda mfupi tulikuwa na wanafunzi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Nairobi, na wachache ambao wazazi wao wanafanya kazi Muscat. Watoto waliokuwa wakinung'unika kuamshwa alfajiri wakaanza kuitamani kengele. Walibishana nani awe kiranja wa chakula. Walilalamikia maharage ya bwalo ambalo halikuwapo. Kila usiku saa mbili ilikuwa prepo, na wengi waliingia na madaftari yao ya kweli magotini, wakiniuliza maswali ya kweli ya ngeli na ya fasihi simulizi.

Sheria ya kwanza katika shule ile ilikuwa ya mabano. Neno lolote lililoandikwa ndani ya mabano mawili lilikuwa la mchezaji mwenyewe, si la mhusika wake. ((Nimeitwa kula, nakuja.)) ((Hapo pananiumiza, tubadilishe.)) Mtu akifungua mabano, wenzake humjibu ndani ya mabano, na mchezo husimama mpaka wamalizane. Sheria hii hatukuibuni sisi, waigizaji wa maandishi wa nchi nyingi wanaijua. Lakini pale kwetu mimi ndiye niliyeiandika kwa Kiswahili na kuibandika juu kabisa ya ukurasa wa sheria. Kila mgeni alipoingia, mimi ndiye niliyemsomea.

Sasa niseme nilikuwa nani. Nilikuwa nimehitimu ualimu na ajira haijanifikia. Serikali ikitoa majina ya walioajiriwa, nilikesha nikilitafuta langu, nikarudia orodha kutoka mwisho kwenda mwanzo. Mchana nilikaa kwenye kibanda cha uwakala Tanga mjini, nikiwatolea na kuwawekea watu fedha, nao waliniita dada. Usiku watoto waliniita Madam. Waliniamkia shikamoo, nami nikaitikia marahaba, na baada ya muda wakaniamkia hivyo hata ndani ya mabano, hata wale ambao tofauti yetu ya umri haikuwa kubwa. Heshima ile niliihitaji kuliko nilivyokuwa tayari kukiri wakati huo. Ilinifanya nilale vizuri.

Mwanzoni nilikuwa mwalimu wa Kiswahili tu. Kisha waendeshaji wa shule wakasema hadithi inapoa, hakuna kisa, hakuna mtu wa kumwogopa. Wakaniomba niwe mwalimu wa nidhamu. Nilikubali kabla hawajamaliza kueleza. Watoto wa mtaani wakicheza shule, anayepewa ualimu hatafuti chaki, anatafuta kijiti. Nimeliona hilo tangu utotoni na nililisomea chuoni, katika somo la saikolojia ya elimu, jinsi mtoto anavyoonyesha kwenye mchezo kile anachokijua kuhusu madaraka. Sikujiuliza mimi naonyesha nini.

Kuhusu viboko tulibishana sana. Kenya iliviharamisha shuleni mwaka 2001. Kwetu Tanzania kanuni bado zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule na kwa kuandikwa daftarini, ingawa kila aliyesoma hapa anajua ni mara ngapi daftari hilo halifunguliwi. Wanafunzi wa Kenya walisema hawatacheza shule yenye fimbo. Nikakubali, na nikaona fahari. Nilitangaza mstarini kwamba shule yetu haitakuwa na kiboko hata kimoja. Nikabaki na ulimi, na nilikuwa nao mwepesi.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa Juni. Tarehe 29 mwezi huo shule za Tanzania zilifunguliwa, na wanafunzi wangu wa upande huu wakaondoka karibu wote, wengine bila kuaga, maana bweni la kweli haliruhusu simu. Kenya haikufungua. Tarehe 7 Julai Profesa George Magoha, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alitangaza kwamba mwaka ule wa masomo umepotea na wanafunzi watarudi Januari. Baadaye madarasa ya mitihani yaliitwa mapema, mwezi Oktoba, lakini kidato cha pili kilingoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Mtoto wa miaka kumi na mitano aliambiwa kwamba mwaka wake mzima umefutwa, akakaa nyumbani.

Waliobaki kwangu walikuwa hao. Kwao shule yetu ya maandishi haikuwa tena ya kupitishia muda, ndiyo shule waliyokuwa nayo. Nilipaswa kuwalegezea. Mimi niliona tu kwamba prepo imepwaya, mstari umekuwa mfupi, na Madam anaanza kuzoeleka. Nikakaza.

Msichana ninayemzungumzia alikuwa wa Mombasa. Mhusika wake alikuwa mkimya, mtu wa kukaa dirishani, mwenye dada aliyeolewa mbali ambaye alimwandikia barua. Barua hizo aliziandika nzima nzima, tukazisoma. Katika mojawapo alimweleza dada yake jinsi mvua inavyosikika juu ya mabati ya bweni, kwamba ukizoea unaweza kujua kama inakuja au inaondoka kwa mlio peke yake. Niliisoma mara nyingi. Katika kazi za wanafunzi nilizosahihisha tangu mazoezi ya kufundisha, sikumbuki aliyeandika vile.

Alikuwa na tatizo moja, alichelewa. Prepo ilianza saa mbili, yeye aliingia saa tatu kasoro au saa tatu na kitu. Kama ilivyo katika shule nyingi za bweni huku na kule kwao, shule yetu ilikataza simu, kwa hiyo hakuna mhusika aliyeruhusiwa hata kuitaja. Nilipomuuliza kwa nini anachelewa, aliandika hivi:

Madam, taa ni ya mamangu. Akichelewa kurudi, mimi nami huchelewa.

Nilichukia jibu lile kwa sababu liliharibu hadithi. Shule ya bweni, mama anatoka wapi? Nikamwandikia hivyo, mbele ya darasa. Hakubadilisha. Kila alipochelewa alileta taa ileile, kwa maneno yaleyale, kana kwamba ananisubiri niamke. Mtu mwenye masikio angesikia. Mtoto aliyeweza kuandika mvua ile hakuwa na upungufu wa visingizio. Kama angetaka kunidanganya angebuni kitu kizuri zaidi. Alirudia taa kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu sheria zetu wenyewe zilimnyima neno lake halisi.

Usiku wenyewe ulikuwa wa Julai. Aliingia amechelewa. Nikagonga kengele, nikaandika kwamba shule nzima itoke madarasani iende mstarini. Nikamweka mbele. Nikaandika: Huyu hapa ana mama anayezurura na taa usiku. Kuanzia leo jina lake ni Mama Taa. Mwamkieni.

Wakamwamkia. Shikamoo Mama Taa, shikamoo Mama Taa, mmoja baada ya mwingine, mistari ikashuka kwenye kioo cha simu yangu kwa kasi ambayo sikuwa nimeiona tangu Wabongo waondoke. Vicheko vya emoji chini ya kila mstari. Waliokuwa kimya wiki nzima waliamka. Nikamwamuru apige magoti kwenye kokoto chini ya mlingoti mpaka prepo iishe. Akaandika: *anapiga magoti*. Baada ya kitambo: *anainua goti moja, anaondoa kokoto, analirudisha*.

Kisha akafungua mabano.

((Madam samahani. Naomba jina hilo liachwe. Taa ni simu. Ni ya mamangu kweli, auza viazi, hurudi karibu na kafyu ndipo naipata. Naomba tu.))

Kafyu ya Kenya wakati huo ilianza saa tatu usiku. Nililijua hilo, sote tulilijua, ilikuwa kwenye habari kila siku. Kwa hiyo nilipoyasoma maneno yale kila kitu kilikaa mahali pake mara moja: saa tatu kasoro, mama, taa. Sikuwa na cha kuuliza. Nilimwona mwanamke anakusanya karai lake haraka kabla askari hawajaanza kupita, na binti anayemsubiri mlangoni, si kwa sababu ya viazi.

Na bado sikujibu ndani ya mabano.

Nimejaribu kukumbuka kwa uaminifu nilichokifikiri katika zile dakika chache, kwa sababu kosa liko hapo. Sikuwa na hasira naye. Sikumchukia. Nilifikiri kwamba nikifungua mabano nitalazimika kumwomba radhi mbele ya wote, na nikishaomba radhi, Madam hatarudi kuwa Madam. Tukio lilikuwa limenoga. Watu walikuwa wanasoma. Kwa muda mrefu hakukuwa na mahali popote duniani ambapo watu wengi vile walikuwa wanangoja nitakachosema. Nikaandika, bila mabano:

Mwanafunzi hapangi adhabu yake. Rudi kwenye kokoto, Mama Taa.

Mtu akaweka alama ya moto. Wengine wakafuata. Naye akaandika: *anarudi kwenye kokoto*.

Alibaki hapo hadi mwisho wa prepo, kwenye simu ya mama yake, katika saa chache alizoipata kwa siku. Hakuandika neno lingine.

Kwa miezi nilijitetea kwa hoja ambayo kila mwigizaji wa mtandaoni anayo mfukoni: yule alikuwa mhusika, si mimi. Hoja hii ina ukweli wake, na bila hiyo hakuna sanaa ya kuigiza. Anayeigiza mwuaji si mwuaji. Lakini mwigizaji wa jukwaani anamtukana mwigizaji mwenzake aliyesoma tamthilia nzima, anayejua ukurasa wa mwisho una nini, na ambaye pazia likifungwa watakunywa chai pamoja. Yule niliyemtukana mimi hakuwa ameandikiwa chochote. Alikuja na maisha yake kwa sababu hakuwa na kingine cha kuja nacho. Kokoto zilikuwa za kubuni. Mama hakuwa wa kubuni. Na tangu alipofungua mabano, hata hoja yenyewe ilikufa, kwa sababu Madam hakuwa na vidole. Vilivyoandika ni vyangu.

Kinachonitesa zaidi ni kwamba nilikuwa nimefundishwa. Nilipokuwa sekondari nilikuwa mwanachama wa klabu ya Tuseme. Wasichana wengi wa Tanzania wa rika langu wanaijua. Mpango huo ulianza mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na miongoni mwa waliouasisi ni Profesa Penina Mlama, ambaye wapenzi wa tamthilia wanamjua kwa jina la Penina Muhando, mwandishi wa Hatia. Wazo la mpango huo lilikuwa kwamba msichana ambaye hawezi kusimama mbele ya mkuu wa shule na kusema kinachomzuia kusoma, anaweza kukisema katika igizo. Anampa mhusika maneno yake. Baadaye FAWE, jukwaa la wanawake waelimishaji wa Afrika, lililipeleka jambo hili katika nchi nyingine nyingi.

Mlezi wa klabu yetu alikuwa na desturi. Igizo likiisha na watu wakishatawanyika, alimfuata mmoja wetu, akajifanya anamsaidia kukunja kanga tulizotumia kama mapazia, akamuuliza kwa sauti ya chini: hilo la leo, ni la igizo tu? Aliwahi kuniuliza na mimi. Nilikuwa nimeigiza mtoto anayekosa shule siku za gulio kwa sababu ya kubebeshwa mizigo. Nilimwambia ndiyo, Madam, ni la igizo tu. Hakunibishia. Jumamosi iliyofuata akafika nyumbani kwa bibi yangu, wakazungumza uani, na siku za gulio nikaanza kwenda shule. Nilichagua ualimu kwa ajili ya mwanamke yule. Hata kuitwa Madam nilikotaka sana, nilikutaka kwa sababu yeye ndiye niliyekuwa namwita hivyo.

Na mimi sikuhitaji hata kuuliza. Mtoto wa watu alikuja mwenyewe akaniambia, tena kwa adabu, akianza na samahani.

Baada ya usiku ule alirudi mara chache. Aliingia prepo imeanza, jina lake likaonekana pembeni kwamba yupo, asiandike kitu. Barua kwa dada zilikoma. Kisha hakuonekana tena, na hili ni sehemu ya kosa: sikugundua lini. Niligundua baadaye sana, nilipomhitaji, siku tuliyotaka mtu wa kuandika risala ya wanafunzi. Nikauliza yuko wapi Mama Taa. Nililitumia jina hilo bila kufikiri. Mmoja wao akasema huyo aliondoka zamani, Madam.

Januari 2021 shule za Kenya zilifunguliwa na yetu ikafa taratibu, kama ilivyostahili. Mwaka uliofuata nilipata nafasi ya kujitolea katika shule ya msingi, nikasimama tena mbele ya watoto wenye sura. Siku moja mvulana alichelewa, nikamuuliza sababu, akasema kitu kuhusu baiskeli ya baba ambacho hakikuingia akilini, darasa likacheka, nami nikahisi ulimi wangu unajiandaa. Nilimwambia akae. Jioni nilirudi kwenye vyumba vile vya zamani kusoma niliyoandika.

Kwenye Discord mtu akifuta akaunti yake, maneno yake hayafutiki. Jina ndilo linaloondoka, na mahali pake panakaa alama ya mtumiaji aliyefutwa. Nilikuta barua zote za mvua na za dada hazina mwandishi. Maneno yale ndani ya mabano hayana mwandishi. Yangu yana jina langu juu yake. Jina pekee lililosalia la kumtambulisha msichana yule mahali pale ni lile nililompa mimi, limeandikwa mara nyingi, na watu wengi. Sijui kama alijifuta kwa sababu yangu. Huenda simu iliuzwa, huenda mama aliifungua akaona. Hilo la mwisho ndilo silipendi kulifikiria, kwamba mama yake aliyasoma.

Nikaandika katika chumba cha mstarini, nikijua karibu kila mtu ameshahama. Nilimdhalilisha mbele ya watu, kwa hiyo sikuona haki kwenda kunong'ona pembeni. Nilieleza nilichofanya, nikaeleza kwamba aliomba kwa sheria niliyoiandika mimi mwenyewe na kwamba niliivunja kwa makusudi. Mwendeshaji mmoja wa zamani alinijibu kwamba ninakuza jambo, ulikuwa mchezo, na watoto wamesahau. Nilimwomba anisaidie kufuta kila mstari wenye jina lile la utani, na hilo alilifanya. Barua zake tuliziacha. Ombi lake na jibu langu niliomba yabaki, ila jina nikaliondoa kwenye jibu.

Siku kadhaa zikapita. Kisha mwanafunzi mmoja wa wakati ule, mvulana wa Nairobi ambaye sasa bila shaka alikuwa anakaribia kumaliza kidato cha nne, aliandika.

((Madam, mimi nilikuwa wa kwanza kumwamkia vile. Kuna rafiki yangu anadhani alisoma naye primary. Nikimpata nimwambie nini?))

Nilifungua mabano, nikaandika na kufuta, nikaandika na kufuta. Yote niliyoandika yalikuwa yananitetea. Mwishowe nilimtumia haya:

((Mwambie taa niliielewa palepale, usiku uleule. Asije akadhani hakujieleza vizuri.))